Wema Hutoka Wapi? Mjadala wa Dini na Maadili katika Vyuo Vikuu Vyetu

Ukiingia darasa la mwaka wa kwanza la falsafa au la elimu ya dini, iwe Makerere, Nairobi au Dar es Salaam, ukauliza kama mtu asiye na dini anaweza kuwa mwema, mikono huinuka kabla hujamaliza swali. Wengi watasema haiwezekani: asiyemwogopa Mungu atamwogopa nani? Wachache watamtaja mtu wanayemfahamu kijijini kwao, hasali popote, lakini penye msiba ndiye wa kwanza kufika na jembe. Nusu saa baadaye sauti zimepanda, na kila mmoja yuko pale pale alipoanzia.

Wanakwama kwa sababu swali hilo lina maswali matatu ndani yake, na kila mmoja anajibu la kwake. Kuna swali la kinachofanya jambo jema liwe jema. Kuna swali la namna tunavyolijua kuwa ni jema. Halafu kuna swali la kinachomsukuma mtu alitende, hasa pale asipoonwa na yeyote. Anayeuliza "atamwogopa nani" anazungumzia la tatu. Anayemtaja jirani mwenye jembe naye anazungumzia la tatu, ingawa anadhani amelijibu la kwanza. Mtu anaweza kushikilia kwamba wema haukuanzishwa na dini, kwamba dini imetufundisha mengi kuuhusu, na kwamba bila dini wengi wetu tusingeutenda, na asijipinge hata mara moja. Wanazuoni wakubwa waliobishana juu ya jambo hili, wakiwemo wa kwetu Afrika Mashariki, husomeka vizuri zaidi ukiyatenganisha maswali hayo kila yanapotaka kushikana tena.

La kwanza lina umri mkubwa. Mwaka 399 kabla ya Kristo, mjini Athens, mwanafalsafa Socrates alikutana nje ya mahakama na mtu aitwaye Euthyphro, aliyejiona bingwa wa mambo ya dini, akienda kumshitaki baba yake mzazi kwa mauaji. Kisa chenyewe, kama Plato, mwanafunzi wa Socrates, alivyokiandika, ni hiki. Kibarua wao alilewa, akagombana na mtumwa wa nyumbani, akamchinja. Baba akamfunga kibarua mikono na miguu, akamtupa shimoni, kisha akatuma mtu mjini kumwuliza mtaalamu wa dini la kufanya. Kabla jibu halijarudi, kibarua alikufa kwa njaa, baridi na zile kamba. Ndugu wakasema ni dhambi mtoto kumshitaki baba. Euthyphro akasema dini yenyewe ndiyo inayomtaka ashitaki. Ndipo Socrates akamwuliza: jambo takatifu hupendwa na miungu kwa kuwa ni takatifu, au ni takatifu kwa kuwa miungu wanalipenda?

Walimu wengi hukimbilia swali hilo wakamwacha kibarua shimoni. Naona ni hasara. Yule baba alikuwa mcha miungu kiasi cha kutuma mjumbe, na mtu akafa wakati fatwa ikisubiriwa. Kumpelekea maji hakukuhitaji fatwa.

Sasa turudi kwenye swali. Ukisema miungu hulipenda jambo kwa kuwa ni jema, umekubali kwamba wema una msingi wake wenyewe na kwamba hata amri ya Mungu inautambua tu. Ukisema ni jema kwa kuwa linapendwa, basi hata udhalimu ungekuwa wema laiti ungeamriwa. Waumini wengi hawataki kuishia upande wowote, nao wana haki. Theolojia ya Kikristo iliyofuata njia ya Thomas wa Akwino husema wema ni asili ya Mungu mwenyewe, kwa hiyo amri zake hazitoki juu yake wala hazibuniwi ovyo. Jibu hilo lina uzito, lakini linalisogeza swali nyuma kidogo tu: tunajuaje kwamba asili hiyo ni njema, kama hatukuwa na fununu yoyote ya wema tangu mwanzo?

Katika Uislamu mjadala huo huo ulipamba moto Basra na Baghdad. Muutazila, kundi la wanatheolojia wa Kiislamu, walisema akili inatambua ubaya wa dhuluma na uongo hata pasipo ufunuo, na Kadhi Abd al-Jabbar, aliyefariki mwaka 1025, aliitetea hoja hiyo kwa kirefu kuliko mwingine yeyote. Abul Hasan al-Ashari, aliyesomea kwao kabla ya kuwaacha, alishikilia kinyume chake: jema ni lile Mwenyezi Mungu aliloliamuru, baya ni lile alilolikataza, na akili ya kiumbe haina mamlaka ya kumwekea Muumba wajibu. Msimamo huu unatugusa, maana madrasa za Lamu, Mombasa na Unguja zilizofuata madhehebu ya Shafii zilisomesha akida, yaani itikadi, ya Ashari. Kijana wa pwani anayefika chuo kikuu akasikia kwamba suala hili ni la Wagiriki amenyimwa urithi wake.

Aliyelieleza kwa undani zaidi upande wa Ashari ni al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Alikabili pingamizi zito: mbona mtu asiyeamini lolote humwokoa mgeni anayekaribia kufa, bila kutarajia malipo wala sifa? Jibu lake ni kwamba huyo anasukumwa na huruma ya ubinadamu, kwa kuwa hujiona yeye mwenyewe katika hali ile na akaumia. Mengine, akasema, ni mazoea tuliyonyonya utotoni, yanayotushtua bila kufikiri kama aliyeumwa na nyoka anavyoiogopa kamba yenye madoadoa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa. Methali yetu humtaja huyo huyo aliyeumwa na nyoka akishtushwa na ung'ongo. Angalia alichokifanya al-Ghazali. Amekubali wazi kwamba msukumo wa kutenda wema unaweza kuwepo bila dini. Anachokataa ni kwamba msukumo huo unathibitisha wajibu. Ametenganisha la tatu na la kwanza kwa makini ambayo darasa zima la mwaka wa kwanza lingeyafaidi.

Huku kwetu mjadala uliingia vyuoni ukiwa na mzigo wa ukoloni mgongoni. Mwaka 1945 Placide Tempels, mmisionari Mbelgiji aliyefanya kazi Katanga, aliandika kwamba Wabantu wanauona ulimwengu kama nguvu za uhai: jema ni linaloiongeza nguvu hiyo, baya ni linaloipunguza. Kukiri wakati ule kwamba Mwafrika ana falsafa kulikuwa jambo kubwa, ingawa aliwaandikia zaidi wazungu wenzake wapate kutawala na kuhubiri vizuri zaidi.

Kisha akaja John Mbiti. Alizaliwa Kitui mwaka 1931, akapata udaktari wake Cambridge mwaka 1963, na kuanzia 1964 hadi 1974 alifundisha Makerere akiwa mchungaji wa Kianglikana. Kitabu chake cha mwaka 1969 kilisema Mwafrika hubeba dini yake popote aendapo: shambani, kwenye pombe, msibani, na akiwa msomi huingia nayo hata chumba cha mtihani. Kwa sababu hiyo wengi humnukuu Mbiti kama shahidi kwamba maadili ya Kiafrika hutoka kwa Mungu. Ukimsoma taratibu unakuta jambo gumu zaidi. Anaeleza kwamba katika jamii alizozichunguza, ubaya wa tendo uko katika uhusiano uliovunjwa: kama hakuna uhusiano ulioharibika na kosa halijajulikana, tendo lenyewe halihesabiwi kuwa baya. Na walinzi wa maadili siku hadi siku ni wazazi, wazee, na wafu ambao bado wanakumbukwa kwa majina hadi vizazi vinne au vitano. Mungu ndiye wa juu kabisa, lakini si yeye anayekuja kuuliza mbuzi wa jirani amekwenda wapi. Hapo Mbiti anatueleza jinsi jamii inavyolitambua kosa na kuliadhibu. Kuhusu kinachofanya baya liwe baya hata lisipojulikana, maelezo hayo yanatuacha na njaa.

Okot p'Bitek, mzaliwa wa Gulu aliyesomea anthropolojia Oxford, hakumvumilia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliwashambulia wanazuoni wa Kiafrika, Mbiti akiwemo, kwa kuwavisha miungu wa Afrika mavazi ya Kigiriki. Mungu ajuaye yote, awezaye yote, aliyepo kila mahali: kwa p'Bitek huyo alitoka katika seminari, akapandikizwa vijijini na wasomi waliotaka kuwathibitishia wazungu kwamba hata sisi tulikuwa naye. Waacholi, alisema, walishughulika na nguvu mbalimbali walizoziita jok, na walizijali pale maradhi na balaa zilipowafika. Kama p'Bitek yuko sahihi, hata kwa nusu tu, kuna tokeo ambalo watu hawalipimi vya kutosha: hawa walikuwa watu wenye adabu, sheria za ndoa, ukarimu na aibu, na yote hayo hayakumngoja Mungu mtoa amri kutoka mbinguni.

Nairobi nako kulikuwa na mambo yake. Falsafa na elimu ya dini zilianza zikiwa idara moja, na aliyeiongoza mwanzoni ni Stephen Neill, askofu wa Kianglikana aliyetumikia miaka mingi India. Mwaka 1970 akafika kijana kutoka Ugenya, Henry Odera Oruka, aliyesomea Uppsala chini ya Ingemar Hedenius, mwanafalsafa aliyejulikana Sweden nzima kwa kuyapinga mafundisho ya kanisa. Mwaka 1980 falsafa ilipata idara yake, Oruka akiwa mkuu wake wa kwanza. Watu huliona hilo kama jambo la ofisi na bajeti. Mimi naliona kama hoja: maadili yanaweza kuchunguzwa bila kuanzia kwenye imani, na wala kufanya hivyo si kuitukana imani.

Oruka hakuishia kwenye vitabu. Yeye na wanafunzi wake walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliosifika kwa hekima, wakachapisha mahojiano hayo mwaka 1990. Mmoja wao ni Paul Mbuya Akoko, mzee wa Kijaluo. Alipoulizwa kuhusu Mungu, Mbuya alisema ni mmoja kwa watu wote, na sababu aliyoitoa si kwamba aliambiwa na wazee: kama miungu ingekuwa mingi yenye nguvu sawa, ingepigana na maumbile yangevurugika, lakini tunaona mbwa anazaa mbwa, hazai paka. Mzee mwingine katika mahojiano hayo alikwenda mbali zaidi, akasema ni kosa kumfanya Mungu kuwa kama mtu. Mungu ni wazo, wazo linalosimamia wema wenyewe.

Lakini maneno ya Mbuya ninayoyarudia mara kwa mara ni yale ya ng'ombe. Aliulizwa kama Wajaluo wa zamani waliishi kijamaa. Akasema ndiyo, ila si kwa maana ya watu kugawana mali kwa ukarimu. Mwenye ng'ombe wengi aliwasambaza kwa wasio nao, wakawachunga. Hakuwatoa moja kwa moja; waliendelea kuwa wake. Matokeo yake kila boma lilikuwa na ng'ombe wa kuchunga na maziwa ya kunywa.

Tuutazame utaratibu huo kwa karibu. Anayepokea anapata maziwa ya watoto na heshima ya kuwa na zizi. Mwenye ng'ombe hapakii mali yake yote mahali pamoja, na ugonjwa ukiingia boma moja haumfilisi. Anapata pia macho mengi ya kumlindia. Katika maelezo yake Mbuya hataji Mungu, hataji mizimu, hataji laana. Huyu ni mtu yule yule aliyetoa hoja kamili ya kuwepo kwa Mungu mmoja. Imani ilikuwepo na maadili yalikuwepo kichwani mwa mzee mmoja, na alipoulizwa sababu ya maadili alieleza faida na haki baina ya watu.

Mwanafalsafa Kwasi Wiredu wa Ghana, ambaye naye alizaliwa mwaka 1931, alilijengea jambo hilo nadharia. Kwa Waakan, watu wa kabila lake, alisema, jema ni lile linalopatanisha maslahi ya mtu na ya wenzake kwa haki, kila mmoja akijiweka katika nafasi ya mwingine. Mungu hulichukia baya kwa sababu ni baya. Ubaya wake haukuanza na kuchukiwa. Wiredu aliongeza jambo ambalo wenye mazoea ya kanisa na msikiti huwa gumu kuliamini: dini ya jadi ya Waakan haikuwa na mimbari ya kufundishia maadili, na mungu mdogo aliyeshindwa kazi aliachwa, watu wakatafuta mwingine. Huwezi kumtupa mtu aliyekupa kipimo cha mema na mabaya kwa kushindwa kukitimiza kipimo hicho hicho. Ukimtupa, kipimo ulikuwa nacho wewe.

Mtanzania hatapata shida kumwelewa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilianza kwa kutangaza kwamba binadamu wote ni sawa na kila mtu anastahili heshima, na halikumtaja Mungu kama sababu, ijapokuwa Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kusali kila siku. Kenya nayo, chini ya mfumo wa elimu wa 8-4-4, iliwahi kuwa na somo la elimu ya jamii na maadili sekondari, kando ya masomo ya dini ya Kikristo na ya Kiislamu, kabla ya kulifuta.

Kwa swali la kwanza, basi, niko upande wa Wiredu. Ila nadharia yake ina upungufu katika la tatu. Mtu akielewa vizuri kabisa kwamba haki inamtaka ajiweke katika nafasi ya mwenzake, kisha asijali, nadharia ina nini cha kumwambia? Hapa ndipo ninapomhitaji Laurenti Magesa, padri kutoka mkoa wa Mara aliyefundisha kwa muda mrefu Nairobi na kufariki mwaka 2022. Kitabu chake cha mwaka 1997 kinayatazama maadili ya Kiafrika kama kazi moja kubwa ya kuulinda uhai na kuukuza: uhai wa mtu, wa ukoo, wa ardhi, wa waliotangulia na wa watakaozaliwa. Dini kwake imeenea katika maisha yote, na nguvu yake iko katika kumfanya mtu ajione ni kiungo cha mlolongo ambao hawezi kuukata bila kujikata mwenyewe. Wiredu anaeleza kwa nini nisimdhulumu jirani. Magesa anaeleza kwa nini usiku nashindwa kulala nikishamdhulumu.

Maswali haya yalitoka darasani yakaingia mahakamani. Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Miongoni mwa mashahidi walioitwa na upande wa ukoo alikuwa Profesa Odera Oruka mwenyewe, kueleza mila za Wajaluo. Mahakama ya Rufaa iliamua Mei 1987 kwa faida ya ukoo, na marehemu akazikwa Nyalgunga tarehe 23 mwezi huo, miezi mitano baada ya kufa. Kesi ile ilihusu Ukristo, mila, hofu ya yatakayoipata familia mwili ukizikwa ugenini, na haki ya mwanamke juu ya mume aliyeishi naye. Ushahidi wa mwanafalsafa uliweza kuonyesha Wajaluo wanaamini nini na kwa nini wanajali. Usingeweza peke yake kuonyesha kwamba mjane alistahili kushindwa, kwa kuwa maelezo ya mila ni jambo moja na uhalali wake ni jambo lingine, hata maelezo hayo yakiwa ya kweli neno kwa neno.

Mahali ambapo jambo hili linaniumiza zaidi ni Usukumani. Kwa miaka mingi mikoa ya Kanda ya Ziwa imeshuhudia vikongwe, hasa wanawake, wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi ushahidi unaotajwa ni macho mekundu. Macho hayo ni ya moshi: mama aliyepika maisha yake yote kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe katika jiko lisilo na tundu la kutolea hewa atayapata tu.

Mfumo wa Magesa unasema uchawi ndio uovu mkubwa kuliko wote, kwa kuwa mchawi anashambulia uhai wenyewe. Ni rahisi kusema basi fundisho hilo ndilo linaloua. Sikubali, kwa sababu fundisho hilo hilo linamhukumu anayemwinulia bibi panga, maana naye anashambulia uhai. Nadharia ya Wiredu nayo inamhukumu: hakuna hata mmoja kati ya wauaji hao ambaye angekubali kuuawa kwa rangi ya macho yake. Kwa swali la kinachofanya jambo liwe baya, wote wawili wanafika mahali pamoja. Na msukumo haukosekani, kwa kuwa waliokusanyika pale wanaamini wanawakinga watoto wao. Wana hofu ya mizimu, na wengi wao wana hofu ya Mungu, Jumapili huwa kanisani. Mhubiri akija kuwaongezea hofu hatakuwa amewapa walichokosa.

Walichokosa kiko katika swali la pili, lile tulilolipita haraka siku zote tukidhani ni dogo. Mpiga ramli amesema ni yule bibi. Amejuaje? Al-Ghazali angeliuliza hilo, aliyefahamu jinsi hofu inavyoifanya kamba kuwa nyoka. Mbuya angeliuliza, aliyetaka sababu hata kwa Mungu mmoja aliyemwamini. Na kijana wa mwaka wa kwanza anayetoka kijiji hicho, awe Mwislamu, Mkristo, mwenye kufuata mizimu au asiye na dini yoyote, anaweza kuliuliza akirudi nyumbani likizo, kabla watu hawajakusanyika.